Kinjeketile na wale watawa wa angani: namna ya kumsoma mpiganaji mwenye imani

Wanachuo wenzangu, naomba nianzie kwenye kibanda umiza. Kwetu kisiwani Rukuba, usiku wa mbalamwezi dagaa hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi wanabaki nchi kavu na kibanda kinajaa mpaka watu wanakaa juu ya madumu. Huko ndiko nilikomjua Obi-Wan Kenobi, yule mzee wa joho la kahawia na upanga wa mwanga, katika filamu ya George Lucas ya mwaka 1977. DJ aliyetafsiri alimwita "Babu Mganga" tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyeona kosa. Mtu anaishi peke yake jangwani, anasikia visivyosikika, anawapoteza maboya askari kwa kupunga mkono tu. Wewe ungemwitaje?

Mwaka huu nilimkumbuka nikiwa field, mazoezi ya kufundisha. Kipindi kilikuwa cha Historia, mada vita vya Maji Maji. Nikaandika ubaoni sababu za kushindwa kama notisi zote zinavyozipanga: imani za kishirikina, silaha duni, kukosa umoja. Binti mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo babu zetu walikuwa wajinga?" Darasa likacheka. Mimi nikasema tutajadili kipindi kijacho, na kengele ikaniokoa. Usiku ule sikulala vizuri. Binti hakuwa na utani, na notisi zangu zilikuwa zimeshamjibu kwamba ndiyo.

Nikajiuliza kwa nini yule mzee wa filamu hatukumwona mjinga. Naye aliamini nguvu isiyoonekana. Nadhani ni kwa sababu tulimsoma mzima, yaani hulka yake, anachoamini na namna anavyopigana, vyote kwa pamoja. Kinjeketile tunamsoma kipande kimoja tu, yale maji. Basi tumfanyie na yeye hivyo hivyo.

Kinjeketile Ngwale aliishi Ngarambe, karibu na bonde la Rufiji na vilima vya Umatumbi. Masimulizi yaliyokusanywa na wanahistoria yanasema mwaka 1904 alipandwa na pepo aitwaye Hongo, akaingia katika kidimbwi cha mto, ndugu wakamlia wakijua amekufa maji, na kesho yake akatoka akiwa mzima, nguo zake kavu. (Nafasi ya kujisifu kidogo: sehemu kubwa ya masimulizi ya vita hivi tunayo kwa sababu wanafunzi wa shahada ya kwanza wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini mwaka 1968 na 1969 kuwahoji wazee. Wanafunzi kama sisi tunaolalamika kuhojiana kwa ajili ya semina.)

Hulka yake ni ya mtu wa subira, na hapa notisi zinamwonea. Watu walimiminika Ngarambe kwa maelfu kuchukua dawa. Yeye aliwaambia warudi makwao, wangoje mpaka awape amri ya vita. Habari ilienezwa kwa mnong'ono, mtu kwa mtu, mtandao ambao Wamatumbi waliuita njwiywila. Huyu si mtu aliyekurupuka. Waliokurupuka ni wengine, na walikuwa na haki ya kuchoka. Walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja chini ya maakida na majumbe, kwa viboko, huku mashamba yao ya chakula yakiota nyasi. Julai 1905, kule Nandete, waling'oa miche ya pamba, na hiyo ikawa tarumbeta ya vita. Amri ya Kinjeketile haikuwa imetoka.

Imani yake sasa. Maji yalichanganywa na mafuta ya nyonyo na nafaka, yakanyunyizwa na kunywewa, na ahadi ilikuwa kwamba risasi za Mjerumani zitageuka maji. Tunaishia hapo siku zote. Lakini dawa ilikuja na miiko: aliyeipata asipore mali, asilale na mwanamke wakati wa vita. Linganisha na wale watawa wa angani waliokatazwa kuoa na kushikamana na mali. Huo ni utawa wa mpiganaji kabisa, nidhamu ya jeshi iliyovaa nguo za dini. Halafu maji yalifanya kazi ambayo hakuna mtemi angeiweza. Mmatumbi, Mngindo, Mzaramo, Mpogoro, Mbena na Mngoni, watu wasiokuwa na mfalme mmoja na wengine waliowahi kuvamiana, walikula kiapo kimoja. Wale wanaoandika "kukosa umoja" ubaoni, mimi nikiwemo, tujieleze.

Namna ya kupigana ndiyo iliyonishangaza zaidi. Kule Ngarambe watu hawakupewa maji tu wakaambiwa nendeni. Palikuwa na mazoezi ya kivita yaliyoitwa likinda, watu wakipangwa na kufundishwa mwendo. Mtu anayeamini kwamba maji peke yake yanatosha hahangaiki na gwaride! Kisiwani kwetu mambo ni hayo hayo. Wapo wavuvi wanaofunga hirizi kwenye mtumbwi, na sijawahi kumwona hata mmoja aliyeacha nyumbani kopo la kutolea maji kwa sababu ana hirizi. Wakiona wingu jeusi upande wa Ukerewe wanarudi, hirizi na wao. Imani inampa mtu moyo wa kutoka usiku, na kopo lina kazi yake.

Tena walishinda mahali. Boma la Liwale lilianguka Agosti 1905. Lakini tarehe 30 ya mwezi huo huo maelfu walilishambulia boma la Mahenge mchana kweupe, wakikabili bunduki za mtombo, na waliuawa kwa mamia. Hapo maji yalishindwa, hakuna namna ya kulipamba. Ninachotaka tuone ni kilichofuata. Waliobaki hawakukunja mikuki. Walibadili mtindo, wakaingia porini, wakavizia njiani, na vita vikaendelea hadi 1907. Kama walipigana kwa ajili ya maji tu, miezi hiyo yote baada ya Mahenge walikuwa wanapigania nini?

Na Kinjeketile mwenyewe? Alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa na wiki chache tu. Kwenye filamu, Babu Mganga anaacha kujikinga mbele ya adui na kukubali kuuawa, na baada ya hapo anakuwa na nguvu zaidi kuliko alipokuwa hai. Kinjeketile hakujitoa mwenyewe, alikamatwa. Ila mengine yanafanana: vita vikubwa vyote, Mahenge, Ubena, Ungoni, vilipiganwa yeye akiwa kaburini. Gharama yake haifanani na ya filamu. Makadirio ya Wajerumani ni watu 75,000 waliokufa, na wapo wanahistoria wanaofika 250,000 na zaidi, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa makusudi.

Wanaosoma Kiswahili watauliza mbona sijamtaja Ebrahim Hussein. Tamthiliya yake ya Kinjeketile, ya mwaka 1969, inamtia mhusika mkuu mashaka ambayo historia haituoneshi. Pepo anaahidi kwamba watu watakuwa wana wa Seyyid Said, na Kinjeketile anashtuka: kumbe tunatoka kwa bwana mmoja kwenda kwa mwingine? Mwishoni anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, na anakataa, kwa sababu anafikiria watoto watakaozaliwa watalichukuaje neno hilo. Tukifanya uhakiki tutenganishe huyu wa jukwaani na yule wa Ngarambe. Nimesoma insha za wenzetu zinazowachanganya, na mimi mwaka wa kwanza niliwachanganya, nikala C.

Kipindi kilichofuata nilirudi darasani na haya yote. Nikawaeleza likinda, njwiywila, miiko, Mahenge na miaka miwili. Nikamuuliza yule binti kama bado anawaona wajinga. Akafikiri kidogo, akasema, "Hapana, mwalimu. Lakini kwa nini ubaoni umeanza na maji, hujaanza na pamba?"

Nikachukua dasta.