Picha za Wagonjwa Zinapopotea: Kuokoa Faili Kutoka Kwenye Safu ya Diski za Hifadhi ya Mtandao

Katika hospitali nyingi ambazo hazijamudu mfumo kamili wa kutunza picha za radiolojia, kazi hiyo hufanywa na kisanduku kidogo kilichowekwa pembeni mwa chumba cha kompyuta. Ndani yake mna diski nne, pengine sita. Nje mna taa za kijani na waya wa mtandao. Picha za CT, za ultrasaundi na za eksirei hutumwa humo moja kwa moja kutoka kwenye mashine, na daktari aliye kliniki huzifungua kwenye kompyuta yake bila kuhitaji kujua zimelala wapi. Kifaa hicho ndicho hifadhi ya mtandao. Aghalabu watumishi hukikumbuka siku kinapogoma.

Siku hiyo huja mara nyingi baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo. Folda haifunguki, taa mojawapo imegeuka nyekundu, na ukurasa wa kukisimamia kifaa unasema kwamba safu ya diski imeharibika. Chini ya maneno hayo pana kitufe kinachomwalika mtu akibonyeze: tengeneza upya, au anzisha upya. Hasara isiyorekebishika hutokea zaidi kwa kitufe hicho kuliko kwa umeme wenyewe. Makala hii inaeleza kwa nini iko hivyo, na nini kifanyike badala yake.

Uzito wa jambo hili hauko kwenye bei ya diski. Mgonjwa wa saratani aliyepigwa picha ya CT kabla ya kuanza dawa anaweza kupigwa nyingine baada ya miezi sita, lakini ile ya kwanza haipigiki tena. Bila hiyo, daktari hana cha kulinganishia, na swali la iwapo uvimbe umepungua au umekua hubaki bila jibu la uhakika.

Safu ya diski hufanyaje kazi

Wazo la kuunganisha diski kadhaa za bei nafuu zifanye kazi kama diski moja kubwa lilipewa jina la RAID na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika andiko lao la mwaka 1988. Mpangilio unaopatikana sana kwenye vifaa vidogo vya hospitali ni ule wa RAID 5. Humo kila faili hukatwa vipande, vipande husambazwa kwenye diski zote, na kwa kila mstari wa vipande huongezwa kipande kimoja cha ziada kiitwacho pariti.

Hesabu ya pariti ni ya shufwa na witiri tu. Chukua biti tatu zilizo kwenye diski tatu: 1, 1 na 0. Idadi ya moja ni mbili, yaani shufwa, kwa hiyo diski ya nne huandikwa 0. Laiti zingekuwa 1, 0 na 0, idadi ingekuwa witiri, na diski ya nne ingeandikwa 1 ili jumla irudi kuwa shufwa. Sasa diski ya pili ikifa, zinabaki 1, pengo, 0, na pariti 0. Ili idadi ya moja iwe shufwa, pengo lazima liwe 1. Hivyo ndivyo mashine inavyoweza kuijenga diski iliyokufa, biti kwa biti, kutokana na zile zilizosalia. Lakini mapengo yakiwa mawili kwenye mstari mmoja, hesabu hiyo haina jibu. Kwa sababu hiyo RAID 5 huvumilia kifo cha diski moja tu. RAID 6, yenye pariti mbili, huvumilia vifo viwili.

Hatari inajificha katika ujenzi wenyewe. Safu ya diski nne za terabaiti 4 kila moja, ikipoteza moja, italazimika kuzisoma tatu zilizobaki kuanzia mwanzo hadi mwisho, yaani terabaiti 12, bila kukosea popote. Watengenezaji wa diski za kawaida hutaja kiwango cha juu cha kosa moja la usomaji kwa kila biti trilioni 100, ambazo ni sawa na terabaiti 12.5. Diski nyingi hufanya vizuri kuliko kiwango hicho, ila ni nadra kwa diski za kisanduku kimoja kuwa wageni kwa wageni: zilinunuliwa siku moja, pengine zikatoka kwenye boksi moja, zikafanya kazi kwenye joto lilelile kwa miaka ileile. Moja ikichoka, wenzake nao wamechoka. Kuziamuru zisomwe zote kwa saa nyingi mfululizo, wakati hakuna nakala nyingine ya data, ni kumkimbiza mgonjwa wa moyo ngazini ili kumpima.

Lingine lisisitizwe hapa, kwa kuwa limewagharimu wengi: safu ya diski si nakala ya akiba. Pariti hulinda dhidi ya kifo cha diski. Hailindi dhidi ya mkono uliofuta folda, wala virusi vinavyofunga faili na kudai fidia, kwa maana amri ya kufuta hutekelezwa kwenye diski zote kwa utiifu uleule. Mwezi Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kilipoteza takriban terabaiti 77 za faili za utafiti. Diski hazikufa, programu ya kutunza nakala ilikosewa katika kuboreshwa, ikafuta faili ambazo hazikupaswa kufutwa.

Saa za kwanza

Kanuni ya kwanza ni kutoandika chochote kwenye diski hizo. Faili iliyofutwa, au safu iliyosambaratika, bado ina data yake mahali palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Mashine za radiolojia zizuiwe mara moja zisiendelee kutuma picha humo. Za siku hiyo zibaki kwenye mashine zenyewe. Iwapo tatizo ni faili iliyofutwa tu na safu ni nzima, kwanza liangaliwe pipa la taka la kifaa, kisha picha za hali ya awali ambazo baadhi ya vifaa hujiwekea kila siku. Jambo linaweza kuishia hapo kwa dakika tano.

Iwapo safu ndiyo iliyovunjika, kifaa kizimwe kwa utaratibu. Kabla ya diski kuchomolewa, kila moja ibandikwe namba ya nafasi yake. Kipande cha plasta na kalamu ya wino vinatosha. Mpangilio wa diski ni sehemu ya data, na jambo hili litarejewa hapa chini. Ujumbe wa mwisho kwenye kioo upigwe picha. Diski inayogonga au kukwaruza isiwashwe tena, kwa maana kichwa chake cha kusomea yamkini kinachuna uso wenyewe wenye data. Hiyo ni kazi ya maabara maalumu yenye chumba kisicho na vumbi. Ushauri wa mitaani wa kuilaza diski kwenye friji usifuatwe. Unyevu unaotanda juu yake inapotolewa kwenye baridi huongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Hatua inayofuata ni ya mtaalamu wa TEHAMA, lakini mkuu wa idara anapaswa kuifahamu ili asimharakishe. Kila diski hunakiliwa nzima, sekta kwa sekta, kwenye diski nyingine yenye ukubwa uleule au zaidi. Programu huria ya ddrescue hufaa sana kwa kazi hii. Husoma kwanza maeneo yasomekayo kwa urahisi, huruka yale mabovu, kisha huyarudia mwishoni, huku ikitunza ramani ya yaliyopatikana na yaliyobaki. Diski ya terabaiti 4 inayosomeka kwa megabaiti 150 kwa sekunde huhitaji zaidi ya saa saba hata ikiwa nzima. Ikiwa mbovu, siku kadhaa. Zikishanakiliwa zote, diski za asili hufungiwa kabatini, na kila jaribio hufanywa kwenye nakala. Jaribio likiharibika, nakala nyingine hutengenezwa.

Jambo jema ni kwamba vifaa vingi vya aina hii, vikiwamo vya Synology, hutumia ndani yake mfumo wa Linux na programu yake ya mdadm. Kwa hiyo kisanduku kikifa chenyewe, diski zake zinaweza kusomwa kwenye kompyuta yoyote ya Linux. Kila diski hubeba kumbukumbu yake: ni ya safu gani, ya nafasi gani, na imeshuhudia matukio mangapi ya uandishi. Hesabu hiyo ya matukio ni kama tarehe kwenye cheti cha kifo. Diski mbili zikionekana zimekufa, mara nyingi moja ilitoka kwenye safu miezi iliyopita bila mtu kuijali taa yake, na nyingine imetoka usiku wa jana. Ile ya jana, ambayo hesabu yake inakaribiana na za wenzake, ndiyo ya kuingizwa kwenye safu ili data isomwe. Ile ya zamani iachwe nje hata kama inasomeka vizuri kuliko zote, maana inasimulia habari zilizokwisha kupitwa. Safu iunganishwe kwa kusoma tu. Amri ya kuunda safu mpya isitumike, isipokuwa juu ya tabaka la muda linalopokea maandishi yote badala ya nakala yenyewe.

Picha zilizopona, na zile zinazoonekana kupona

Pale ambapo orodha ya majina ya faili imeharibika kabisa, programu kama PhotoRec hutafuta faili kwa alama zake za mwanzo. Kwa picha za tiba, kiwango cha DICOM kimerahisisha kazi: faili yake huanza na baiti 128 za utangulizi, kisha hufuata herufi nne, D, I, C na M. Ndani yake pia mmeandikwa jina la mgonjwa, namba yake, tarehe na aina ya kipimo. Faili iliyookolewa bila jina inaweza hivyo kupangwa upya mahali pake.

Hata hivyo, pana mtego ambao mtaalamu wa TEHAMA hawezi kuuona peke yake. Mkato mmoja wa CT una nukta 512 kwa 512, na kila nukta baiti mbili, jumla baiti 524,288. Safu inayokata vipande vya baiti 65,536 huugawa mkato huo katika vipande vinane au tisa vilivyotawanywa kwenye diski zote. Kutafuta faili kwenye diski moja moja kabla ya safu kuunganishwa ni kukusanya vipande vya vyungu tofauti. Kibaya zaidi, safu ikiunganishwa kwa mpangilio uliokosewa, au kwa ile diski ya zamani, faili inaweza kufunguka. Jina la juu ni la mgonjwa huyu. Mistari michache ya kwanza ya picha ni yake. Ukanda unaofuata, wa mistari 64 hivi, ni wa mtu mwingine. Kwenye picha ya kichwa kasoro hiyo huonekana wazi. Ikiwa kilichoingia ni ukanda wa mkato jirani wa tumbo la mgonjwa yuleyule, inahitaji jicho lililozoea.

Kwa hiyo picha zilizookolewa zisirudishwe kliniki mpaka daktari wa radiolojia azikague. Hapa rejista ya mkono ya idara, ambayo wengi huiona imepitwa na wakati, hugeuka kuwa shahidi mkuu: jina, tarehe, aina ya kipimo. Idadi ya mikato ihesabiwe, na matokeo yasomwe sambamba na ripoti iliyoandikwa wakati ule.

Iwapo diski zitapelekwa kwa kampuni ya nje, hospitali ikumbuke kwamba inakabidhi siri za wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Mkataba wa kutunza siri utiwe saini kabla diski hazijatoka getini, ukitaja pia nani ataziharibu nakala kazi ikiisha.

Picha iliyopita ukaguzi hurejeshwa kwenye hifadhi mpya, ikiwa na alama kwamba imeokolewa. Isiyopita huwekwa kwenye folda ambayo kliniki haiwezi kuifungua, na daktari anayemhudumia mgonjwa huarifiwa kwa maandishi kuwa picha ya tarehe fulani haipo, ili aamue kama kipimo kirudiwe, pamoja na mionzi na gharama zake, au tiba iendelee kwa kutegemea ripoti iliyomo kwenye jalada la mgonjwa.