Kishawishi Kinapotoka kwa Mtu Anayekupenda



Tukizungumzia vishawishi kwenye vikundi vyetu, huwa tunataja pombe, uzinzi, kamari na makundi mabaya. Ni kweli, hivyo vipo. Lakini leo naomba tujifunze kuhusu kishawishi kingine tusichokitaja sana: kile kinacholetwa na mtu anayekupenda kweli, tena kwa nia njema. Hakutishi. Anakuonea huruma tu, anakuambia legeza kidogo, mara moja tu, maisha yaendelee.

Mbaga na Mukajanga

Wengi tunawafahamu Mt. Karoli Lwanga na Mt. Kizito, Mashahidi wa Uganda. Yupo mwenzao ambaye hatumtaji mara nyingi, Mt. Mbaga Tuzinde, kijana wa miaka kama 17, mtumishi katika ikulu ya Kabaka Mwanga. Mei 1886 Kabaka alikuwa na hasira kali kwa kuwa vijana Wakristo wa ikulu walikataa kutumika kwa tamaa zake. Lwanga aliona hatari inakuja, akawabatiza wakatekumeni waliokuwa bado, Mbaga akiwemo. Walipoitwa mbele ya Kabaka na wanaosali wakatakiwa wajitenge, hawakujificha.

Sasa sikilizeni. Mkuu wa wanyongaji wa Kabaka aliitwa Mukajanga, na ndiye aliyemlea Mbaga kama mwanawe. Yaani aliyepewa kazi ya kumwua ndiye aliyekuwa baba kwake! Alimsihi mpaka dakika za mwisho: aseme tu kwamba ameacha dini, au akubali kufichwa. Mbaga akakataa. Tarehe 3 Juni 1886, pale Namugongo, Mukajanga aliagiza kijana wake apigwe shingoni afe kwanza, asiungue akiwa hai kama wenzake. Huruma yake iliishia hapo.

Mimi sidhani Mukajanga alikuwa anaigiza. Alimpenda yule kijana, na kwa sababu hiyo maneno yake yalikuwa mazito kuliko vitisho vya Kabaka.

Eleazari na Petro

Fungueni 2 Wamakabayo 6:18-31. Eleazari, mzee wa miaka 90, analazimishwa kula nyama ya nguruwe ili aiache Sheria ya Mungu. Wasimamizi waliofahamiana naye siku nyingi wanamvuta kando. Wanamshauri alete nyama yake mwenyewe, iliyo halali, ale hiyo, ila ajifanye anakula ile ya mfalme. Hata nyama yenyewe asingekula, jamani! Ilikuwa kujifanya tu. Eleazari anakataa, na sababu yake inatuhusu sisi moja kwa moja: vijana wangedhani kwamba mzee wa miaka 90 ameihama imani yake, nao wangepotoka.

Kisha someni Mathayo 16:21-23. Yesu anasema atateswa na kuuawa. Petro anamchukua kando na kumkemea, hataki kabisa mambo hayo yampate. Petro alimpenda Yesu, hilo halina ubishi. Hata hivyo Yesu alitambua mle ndani sauti ya Shetani, akaikataa palepale.

Umeona? Mara zote mbili mtu anavutwa kando. Kishawishi hiki huongea kwa sauti ya chini, wakati wengine hawasikii.

Na kwetu je?

Nilipomaliza chuo nilikaa muda mrefu bila kazi. Shangazi yangu, aliyenilipia ada tangu sekondari, aliumia kuliko mimi. Siku moja akaniita chumbani, akaniambia amepata mtaalamu wa kunisafisha nyota. Nauli anayo, na padre hatajua. Akasema, "Mwanangu, mara moja tu. Mungu si anaujua moyo wako?"

Nilimjibu, "Shangazi, nakushukuru, najua unanipenda. Ila huko siendi." Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116 na 2117, iko wazi kabisa: ramli, uchawi na hirizi ni kinyume cha heshima na imani tunayopaswa kumpa Mungu peke yake. Lakini sikumsomea Katekisimu. Alilia, na kwa miezi kadhaa alinijibu salamu tu. Wala kazi haikuja wiki iliyofuata. Nasema hivi ili asije mtu akadhani kwamba ukisimama na imani, zawadi inakusubiri mlangoni.

Tufanyeje?

Kwanza, amua mapema. Lwanga hakusubiri siku ya hukumu ndipo awaandae wenzake. Sala za kila siku, Kitubio na Ekaristi ndizo zinazotuandaa. Ukisubiri mpaka mama analia mbele yako ndipo uanze kufikiri, utachelewa.

Pili, kataa neno, usimkatae mtu. Yesu hakumfukuza Petro. Siku sita baadaye alipanda naye mlimani (Mt 17:1). Nami niliendelea kwenda kwa shangazi kila Jumapili baada ya Misa, kumchotea maji na kumwamkia, hata alipokuwa hasemi nami.

Tatu, usibaki kando. Ukivutwa kando, rudi kwa wenzako. Mwambie padre, mlezi au rafiki unayemwamini kwenye jumuiya. Vijana wa Namugongo walisali pamoja mpaka mwisho. Na 1 Wakorintho 10:13 inatuhakikishia kwamba Mungu haruhusu tujaribiwe kupita nguvu zetu.

Maswali ya kutafakari

1. Nani anayekupenda amewahi kukuomba ulegeze imani yako? Ulimjibuje?
2. Je, mimi mwenyewe nimewahi kuwa Mukajanga kwa rafiki yangu, nikimwambia "mara moja tu"?
3. Ni kijana gani mdogo anayeniangalia, kama Eleazari alivyoangaliwa?

Tusali

Ee Bwana, uwabariki wote wanaotupenda. Utupe ujasiri wa kuwakatalia wanapotutenga nawe, na upole wa kubaki nao baada ya kuwakatalia. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mashahidi wa Uganda, mtuombee.