Begi la Uzazi la Nchi ya Baridi

Orodha nyingi za vitu vya kwenda navyo kujifungua zimeandikwa na watu wanaoishi kwenye joto. Utaambiwa ubebe gauni jepesi, doti ya khanga na kandambili, basi. Mama kijacho wa Uyole au Mafinga akiifuata orodha hiyo mwezi wa Julai, atatetemeka yeye na mwanawe. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Iringa mjini haipishani nao sana, na kuanzia Juni hadi Agosti usiku wa huku unataka blanketi zito. Kwa hiyo begi la Nyanda za Juu Kusini lipangwe kwa kuanza na joto la mtoto. Mengine yatafuata.

Mtoto huzaliwa akiwa amelowa. Mkunga humkausha, huitoa ile nguo iliyolowa, humlaza kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kisha huwafunika wote wawili kwa nguo nyingine iliyo kavu. Joto la mwili wake linatakiwa libaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, na kichwa kikiachwa wazi joto hilo hupotea upesi. Ndiyo maana juu kabisa ya begi panatakiwa vipande viwili vya nguo safi, kofia na soksi. Visiwe chini ya pampasi, wala chini ya suti ya kutokea hospitali.

Vipande hivyo viwe vya khanga ya zamani iliyokwisha kulainika. Khanga mpya bado ina wanga, hainyonyi maji, na kitenge kigumu cha sherehe nacho ni hivyo hivyo. Fua, anika juani, piga pasi, funga kwenye mfuko wa nailoni peke yake. Ongeza vingine vinne au vitano vya akiba, kwa kutandika na kujifunga. Walioko Tukuyu, ambako mvua haina haraka ya kuondoka, wanajua kwamba nguo inaweza kukaa kambani siku nyingi bila kukauka. Usisubiri wiki ya mwisho.

Nguo za mtoto si lazima ziwe za dukani. Mitumba ya Mwanjelwa, au ya Mashine Tatu kule Iringa, ina sweta na blanketi za watoto ambazo ni nzito kuliko nyingi mpya, mradi uzifue vizuri na kuzipiga pasi ya moto. Chagua zinazofunguka mbele, ili asivutwe shingo wala kusuguliwa kitovu. Nguo tatu nyepesi zikivalishwa moja juu ya nyingine humfaa kuliko moja nzito, kwa sababu jua la saa sita likitoka unapunguza. Na kama fedha ni ya kubana, afadhali iende kwenye blanketi la pili kuliko kwenye suti ya kupigia picha.

Wa kuangalia zaidi ni mama anayetoka mabondeni. Kyela kuna joto, Pawaga na Idodi vile vile, na mtu wa huko hufungasha kwa hali ya hewa ya nyumbani kwake. Akipewa rufaa usiku kwenda Hospitali ya Wazazi Meta jijini Mbeya, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Iringa, anateremka garini akiwa na khanga mbili tu. Hata kama umepanga kuzalia zahanati ya kijijini, weka sweta lako, soksi nzito na blanketi la mtoto kana kwamba utapandishwa mlimani.

Vitu vya mama havina maelezo mengi: gauni linalofunguka mbele, pedi kubwa, chupi pana, kandambili, beseni, sabuni, mswaki, kikombe, na chupa ya chai ya kuwekea uji wa moto. Kuhusu glavu, pamba, nyembe, mpira wa kulalia na kibanio cha kitovu, ulizia kliniki yako mapema. Kisera huduma ya uzazi katika vituo vya serikali ni bure, lakini vilivyopo stoo hutofautiana kituo na kituo. Swali la kumuuliza nesi ni, “Wiki hii nini hamna?”

Kwenye mfuko wa pembeni weka kadi ya kliniki, kitambulisho, kadi ya bima kama unayo, chaja, na fedha za noti ndogondogo. Weka pia karatasi yenye majina ya baba na mama kama yalivyo kwenye vitambulisho, pamoja na jina la mtoto. Mpango wa RITA wa kusajili watoto walio chini ya miaka mitano ulianzia Mbeya mwaka 2013, na cheti cha kwanza hutolewa bila malipo kituoni au ofisi ya kata. Herufi ikikosewa hapo, kuirekebisha ni safari nyingine. Ubishi wa jina la babu wa upande upi uishe kabla ya uchungu kuanza.

Begi lenyewe liwe la mgongoni. Sanduku halikai kwenye bodaboda, na bajaji usiku wa manane si ya uhakika. Ikitokea dharura, kama kutoka damu, degedege au uchungu uliopitiliza, piga 115 bure. Hiyo ndiyo namba ya m-mama, mfumo unaotafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii kwa ajili ya mama na mtoto mchanga.

Dawa za mizizi za kuharakisha uchungu zisiingie begini, hata akizileta mama mkwe kwa nia njema. Zinaweza kukaza mfuko wa uzazi kupita kiasi hadi ukapasuka. Na bibi anayesubiri nyumbani aambiwe mapema mambo mawili: mtoto asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita, na jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa kwa ajili ya kumpasha joto. Moshi wake mbaya zaidi hauonekani.

Atakayekusindikiza, awe wifi, dada au mume, apange begi pamoja nawe. Ukiwa leba ni yeye atakayeombwa kofia, na hapatakuwa na nafasi ya kukuuliza iko wapi.

Fungasha mimba ikiwa na miezi saba, kwa sababu wapo watoto wanaotangulia tarehe, na hao ndio wanaohitaji joto kuliko wote. Kama umefika hapo na begi bado, anza leo kwa kufua khanga.