Shangazi, Nimtoe Simba au Nibaki Naye?

"Shangazi, mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Bamburi, Mombasa, katika nyumba ya kupanga yenye ua. Mwaka jana, mvua za vuli zilipokatika, nilimchukua mbwa mzee kutoka kituo cha kuokoa wanyama nimlee kwa muda hadi apate mwenyewe. Anaitwa Simba. Wenyewe wa kwanza walihama nchi wakamwachia askari wa geti, na askari alipobadilishiwa kazi mbwa akabaki kuzurura. Mdomo umejaa mvi, macho yana ukungu wa samawati, na asubuhi miguu ya nyuma inamkaza hata kusimama ni shida. Mume wangu alikubali mwezi mmoja tu. Mama mkwe tunaishi naye, ni mtu wa swala, hataki mbwa amkaribie. Wanaopiga simu wakisikia umri wake wanakata, au wanataka mbwa mkali wa kulinda duka. Jirani ananiambia adungwe sindano afe nipumzike. Sasa amejitokeza mzee mmoja wa Kilifi, mstaafu aliyefiwa na mkewe, anamtaka Simba huyu huyu. Badala ya kufurahi, nimelia. Binti yangu mdogo amesusa chakula. Simba alishaachwa mara moja; nikimtoa, si nitakuwa namwacha mara ya pili? Miguu ikimkaza nampa nusu kidonge cha diclofenac cha mume wangu, analala vizuri. Nifanyeje?"
Mama wa Bamburi

Mwanangu, nianze na jambo ulilolitaja mwishoni kana kwamba ni dogo. Dawa hiyo iache leo. Diclofenac na ndugu zake kama ibuprofen hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo, na figo za mbwa wa umri wa Simba huenda tayari zimechoka. Paracetamol nayo usijaribu kumpa kwa kipimo chako, maana huumiza ini. Analala vizuri kwa sababu maumivu yametulia, lakini tumbo linaweza kuwa linavuja damu bila wewe kujua. Tazama kinyesi chake: kikiwa cheusi na kinata kama lami, hiyo ni damu iliyosagwa. Akitapika, akikataa chakula, au akianza kumaliza bakuli baada ya bakuli la maji, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Hata usipoona dalili yoyote, mpigie daktari, umweleze ulimpa nini, kiasi gani na mara ya mwisho lini. Usimfiche. Asipojua, anaweza kumwandikia dawa nyingine ya jamii hiyo juu ya ile iliyomo mwilini, na hapo ndipo mbwa wengi hupotea. Zipo dawa za maumivu ya viungo zinazotengenezwa kwa ajili ya mbwa, kama carprofen, na meloxicam ya kipimo cha mbwa. Hutolewa kwa kupima uzito, na kwa mbwa mzee daktari mwangalifu hupima damu kwanza aone figo na ini vikoje.

Akiwa anasubiri daktari, msaidie kwa ya nyumbani. Tandika mkeka mkuukuu au kipande cha zulia pale anapoinukia, maana sakafu ya vigae humtelezesha, na kila akiteleza nyonga inamuuma upya. Mtembeze kidogo alfajiri na kidogo jua likishazama. Joto la kaskazi huku pwani mbwa mzee halimudu, na saruji ya mchana humuunguza nyayo. Usimnenepeshe kwa huruma. Kila kilo ya ziada inaielemea hiyo miguu ya nyuma. Na ule ukungu wa samawati machoni usikutishe sana. Mara nyingi ni lenzi ya jicho inayogeuka kwa umri, na mbwa huendelea kuona. Ukiwa mweupe kabisa kama maziwa, au akianza kugonga viti, hapo mwonyeshe daktari.

Sasa machozi yako. Umeandika kwamba kumtoa ni kumwacha mara ya pili. Mwanangu, hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Kumtelekeza mnyama ni kugeuka ukaenda zako bila kujua atakula nini wala atalala wapi. Hata sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakuhesabu kumtelekeza mnyama kwa namna itakayomtesa, bila sababu ya maana, kuwa kosa. Wale waliohama walifanya hivyo hasa: walimwachia mtu ambaye kazi yenyewe haikuwa yake. Wewe unamjua anayemtaka, unaweza kwenda kumtazama, unaweza kumuuliza maswali, na unaweza kumrudisha Simba mambo yakiharibika. Vitu hivyo viwili havina udugu.

Na lipo jambo ambalo barua yako haikuligusa. Simba bado ni wa kituo. Mlezi wa muda hulea kwa niaba, hatoi. Kwa hiyo mzee wa Kilifi asije tu na gari getini kwako. Mwelekeze kituoni ajaze fomu, ahojiwe, aelezwe masharti. Kituo nacho kikupe nafasi ya kusema unachokijua, kwa sababu hakuna aliyemjua Simba kuliko wewe.

Hilo la kumjua ndilo ninalotaka ulishike. Mbwa mzee akiwa kizimbani huonekana uzee wake tu. Anakoroma pembeni, hachangamkii wageni, na jirani yake wa kizimba ni mtoto wa mbwa anayeruka hadi kwenye wavu. Mtu atamchagua nani? Si kwamba watu wana roho mbaya. Wanaogopa wasichokijua: ataugua lini, anauma, ataishi mwaka mmoja au minne? Miezi hii uliyokaa naye ndiyo inayojibu. Kaa naye jioni moja, upitishe mkono taratibu toka shingoni hadi nyonga. Patakuwa na mahali ngozi itatetema kidogo, au atageuza kichwa autazame mkono wako. Hapo ndipo panapomuuma, na anayemnyanyua kumpandisha garini lazima ajue asipashike. Simama nyuma yake umwite kwa sauti ya kawaida, kisha upige kofi moja. Utajua kama hasikii au hajali. Ukishajua, mzee wa Kilifi hatamshtua usingizini akaumwa mkono bure, maana mbwa asiyesikia huguswa baada ya kukuona kwanza.

Chukua daftari la shule uyaandike yote. Anakula nini na saa ngapi. Anaamka usiku mara ngapi kukojoa. Radi ikipiga anajificha wapi. Anapenda watoto wa rika gani na hapendi nini wafanye. Uvimbe wowote ulioupapasa chini ya ngozi, uko wapi na una ukubwa gani, ili ukikua ijulikane umekua. Andika tarehe ya mwisho aliyopewa dawa ya minyoo na ya kupe, kwa sababu kupe wa pwani hawana mapumziko, na homa yao humwangusha mbwa mzee haraka. Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa uibandike ndani ya jalada. Nchi yetu imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na ugonjwa huo ifikapo 2030, na lengo hilo linafikiwa mbwa kwa mbwa, kadi kwa kadi. Daftari hilo ni sehemu ya Simba. Mzee apokee vyote viwili.

Labda unajiuliza kama ilikuwa haki kumwonjesha nyumba kisha kumwondoa. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika vituo 5 vya Marekani kwa mbwa 207 waliochukuliwa wakalale nyumbani kwa watu usiku mmoja au miwili. Watafiti walipima kortisoli, homoni inayopanda mwilini mnyama anapokuwa na wasiwasi. Mbwa wakiwa nyumbani ilishuka. Waliporudishwa kizimbani ilipanda tena, lakini ilirudi pale pale ilipokuwa awali, haikuzidi. Yaani ile nafuu haikugeuka kuwa adhabu. Na Simba wako harudi kizimbani. Anatoka nyumba moja kwenda nyumba nyingine.

Mradi nyumba hiyo ni nyumba. Nenda Kilifi na mumeo kabla ya kusema ndiyo. Mzee mgane, mstaafu, anayetaka mbwa mzee badala ya mtoto wa mbwa, moyo wangu unamwelekea, kwa sababu huyo anatafuta mwenzake wa kukaa naye barazani. Lakini moyo wangu si ushahidi. Tazama ua una kivuli gani saa saba mchana. Tazama kama pana mnyororo umefungwa kwenye mti. Muulize mbwa atalala wapi wakati wa kusi mvua ikipiga upande. Muulize daktari wa mifugo anayemtegemea ni nani, na gharama atazibeba vipi. Swali gumu kuliko yote muulize kwa adabu, maana ni mtu mzima na hupaswi kumvunjia heshima: "Mzee, ukilazwa hospitali, au Mungu akikuita kabla yake, Simba atabaki na nani?" Akikutajia mtoto wake, ongea na huyo mtoto. Akikasirika, umepata jibu. Akinyamaza akafikiri, subiri. Huenda hakuna aliyewahi kumuuliza.

Ukiridhika, omba kituo kiweke muda wa majaribio, na iandikwe kwamba ikishindikana Simba anarudi kituoni au kwako, hapewi mtu wa tatu. Siku ya kwenda usimpandishe matatu. Tafuteni gari, mwondoke alfajiri kabla ya jua. Tandiko lake usilifue. Liende na harufu yake na ya kwenu. Chakula kisibadilishwe ghafla: kama ni ugali na dagaa, aendelee na ugali na dagaa, kisha mzee abadilishe polepole akitaka. Na mwambie jambo hili wazi, maana ni kosa la nyumba nyingi: unga ulioota kuvu usipewe mbwa kwa kuwa watu wameukataa. Sumukuvu inaua mbwa kama inavyoua watu, tena yeye hula bakuli zima.

Siku za kwanza atakuwa mzito, huenda asile, huenda akalala akiangalia geti. Usikimbilie kwenda kumwona wiki hiyo. Mpigie mzee simu, msaidie, lakini Simba mwachie nafasi amzoee mwenyeji wake.

Mama mkwe wako usimfanye adui wa habari hii. Katika madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mtu wa swala kutaka umbali na mbwa ni haki yake, na kuulinda umbali huo ni kazi yako. Kwa siku zilizobaki, Simba awe na upande wake wa ua, bakuli lake lisiingie jikoni, na njia ya mama kwenda kutawadha iwe safi. Mama huyo huyo bila shaka anaijua hadithi ya yule aliyemnywesha mbwa mwenye kiu akasamehewa dhambi zake. Usimtolee kama hoja ya kumshinda. Mwombe ushauri wa jinsi ya kumtunza kiumbe huyu bila kuharibu twahara ya nyumba, umwone atakavyokusaidia.

Binti yako, tafadhali, msimdanganye. Asiambiwe Simba amekwenda shamba kutembea. Mpeni ukurasa wake katika lile daftari, aandike mwenyewe Simba anapenda kukunwa wapi. Aende Kilifi, apaone mahali pa kulala, amkabidhi mzee lile tandiko kwa mikono yake. Atalia, na alie. Chakula atakula.

Jirani mjibu kwa upole kwamba uzee si ugonjwa. Sindano ina wakati wake: mbwa akiwa hali, hainuki hata akipewa dawa sahihi, anajichafua alipolala na hatambui watu wake, daktari atakaa nanyi mzungumze, na hapo kumsindikiza bila maumivu ni huruma. Mbwa anayeamka akiwa amekaza miguu, kisha akatembea hadi kwenye bakuli lake, hajafika huko.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu. Kama nyumba ya Kilifi itapita maswali hayo na kituo kikaridhika, mpe Simba. Isipopita, baki naye mkitafuta mwingine, lakini hilo ulikubaliane upya na mumeo na mama mkwe kwa kikao, siyo kwa kunyamaza hadi miezi ipite. Na kama mlango wa kudumu ni wa kwenu, uwe umeamuliwa na wote mnaolala chini ya paa hilo.

Nanyi wasomaji wangu wenye ua, kivuli na mtu anayeshinda nyumbani: shirika la kulinda wanyama, KSPCA, wapo Barabara ya Langata, Nairobi, na viko vituo vingine vinavyookoa wanyama. Mkienda, msianze na watoto wa mbwa. Ulizeni kwanza kuna mzee gani pale, na nani anaweza kuwasimulia habari zake.