Reli ya magogo juu ya meza

Swali: Nina meza ndogo tu hapa Nyegina. Je, naweza kuunda modeli ya reli ya magogo?

Jibu: Unaweza, tena udogo wa meza unakusaidia. Reli nyembamba, kama ile ya Sigi iliyojengwa na Wajerumani kutoka Tengeni kuingia misitu ya Usambara Mashariki, zilifaa milimani kwa sababu zinakubali kona kali. Kwa skeli ya 1:87, njia ya milimita 9 huwakilisha upana wa takriban sentimita 78. Utasema treni moja peke yake kwenye meza hiyo inachosha kutazama. Inachosha ikizunguka bure. Ipe kazi: ipandishe mabehewa matupu, iyaache njia ya pembeni, ishushe yaliyopakiwa, polepole. Injini utaagiza, ndiyo gharama yenyewe. Magogo ni vijiti vyenye magome, unene wa penseli.