Mpingo: Kiini cha Mti na Kiini cha Maana

Utangulizi

Tashibihi "mweusi kama mpingo" imezoeleka mno hivi kwamba mwanafunzi wa fasihi huifafanua kwa neno moja tu: weusi. Makala haya yanadai kwamba ufafanuzi huo haujitoshelezi, kwa kuwa unautaja mti bila kuujua.

Mti na Mbao Zake

Mpingo, ambao wanabotania huuita Dalbergia melanoxylon, ni mti wa nyika wenye miiba na gome la kijivu. Hukua polepole, huchukua miaka 70 au zaidi kabla ya kufaa kuvunwa. Ukikatwa, tabaka la nje huwa jeupe lenye umanjano. Weusi umo ndani, katika kiini. Kiini hicho ni kizito hata huzama majini, na nyuzi zake zimeshikamana sana. Kwa hiyo kikipigwa msasa na kusuguliwa hung'aa chenyewe, bila kupakwa rangi. Ndiyo sababu Wamakonde wakakienzi kwa vinyago, na mafundi wa Ulaya wakakiteua kwa klarineti.

Uhakiki wa Tashibihi

Kifananishi hiki, basi, kina sifa tatu: weusi, uthabiti na mng'ao utokao ndani. Mhusika anayelinganishwa na mpingo huenda hasifiwi ngozi pekee. Huenda anasifiwa moyo uliokomaa kwa miaka mingi. Ni wajibu wa mhakiki kuchunguza ni sifa ipi inayojengwa na muktadha. Wahenga walikwisha kunena: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Tatizo

Nchini Kenya mpingo umeadimika kwa kukatwa kupita kiasi, na wachongaji wengi wa Kikamba wakageukia miti kama mwarubaini na mjakaranda. Tangu mwaka 2017 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya mkataba wa CITES. Sokoni, baadhi ya vinyago vya mti mweupe hupakwa rangi ya viatu na kuuzwa kwa jina la mpingo. Msomaji aliyekiona kinyago cha aina hiyo pekee ataipindua tashibihi: weusi juu, weupe ndani.

Hitimisho

Kamusi inayoueleza mpingo kuwa "aina ya mti" tu haimsaidii msomaji huyo. Fasili na itaje kiini, uzito na mng'ao. Mti ukitoweka na fasili ikabaki tupu, tashibihi nayo itabaki gome.