Oili ya Dizeli Kuukuu: Vidokezo kwa Mashofere wa Mavivi

Ukitoka Mavivi, barabara ya taifa namba 4 inakupeleka kaskazini hadi Oicha na Eringeti, au kusini hadi Beni, na toka hapo unachagua Kasindi mpakani au Butembo kule juu. Njia zote hizo bado zinabebwa na dizeli za zamani: Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, Hilux za miaka ya tisini, Canter na Fuso zilizokwisha kushushwa injini mara kadhaa. Injini hizi haziombi anasa. Zinataka oili ya daraja lake, iliyo safi, na inayomwagwa mapema. Pesa ikiwa haba, itumie kwenye vidanji (kubadilisha oili) vya mara kwa mara, si kwenye jina kubwa la bidoni.

1. Soma herufi kabla ya jina.
Nyuma ya bidoni tafuta alama ya API, Taasisi ya Petroli ya Marekani. Herufi C ni ya dizeli, S ni ya esansi. Bidoni lenye S peke yake waachie wenye teksi. Oili hiyo haikutengenezwa kubeba masizi ya dizeli. Injini ya 1HZ ilitoka 1990, wakati madaraja ya CD na CE ndiyo yaliyotamba na CF-4 ndiyo kwanza inazaliwa. CI-4, ya mwaka 2002, inayapita yote hayo na haina ubaya kwa injini ya zamani. CK-4 ya mwaka 2016 ni nzuri pia, lakini ililengwa zaidi kwa malori mapya yenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Gari lako halina kichujio hicho, kwa hiyo usiuze mbuzi ili uinunue.

2. 15W-40 inatosha.
Namba ya mbele, ile yenye W, inahusu baridi. Hapa tupo chini ya digrii moja kutoka ikweta. Hakuna asubuhi ya kuigandisha oili, hata Butembo kwenye zaidi ya mita 1,700. Namba ya nyuma ndiyo inayosema oili itakuwa nzito kiasi gani injini ikishapata moto. Injini iliyochoka, inayokula oili na ambayo mshale wa presha unalala ikipata moto, unaweza kuipa 20W-50 mpaka upate pesa ya ringi na metali. Haitapona, utakuwa umenunua miezi tu. Zile chupa za "dawa ya injini" nzito kama asali hufanya kazi hiyo hiyo kwa bei ya juu, na mimi sizipendi.

3. Hesabu saa, si kilometa peke yake.
Mita nyingi za kilometa zilikwisha kufa, na hata iliyo hai inadanganya. Gari likingoja msafara wa kusindikizwa na askari, likisimama kwenye kizuizi, likihangaika kwenye matope kwa gia ya kwanza, kilometa hazisogei ila oili inachoka. Wapo wanaohesabu saa moja ya injini kuwaka gari likiwa limesimama kama kilometa 40 hivi, nami naona ni hesabu ya haki. Kwa barabara zetu, kilometa 5,000 ziwe mwisho. Gari la mizigo na misafara limwage oili kwenye 4,000, au kila miezi mitatu, lolote litakalotangulia. Andika tarehe kwenye kipande cha plasta ndani ya boneti. Ukiweza kuzima unapongoja, zima. Najua kuna sehemu ambako shofere hazimi injini, na sababu yake, usalama, kila mtu anaijua. Basi gari hilo liwahishwe garaji.

4. Weusi si ugonjwa.
Oili mpya ikiingia kwenye dizeli kuukuu, kesho yake ni nyeusi. Inafanya kazi yake: inabeba masizi yasigande ndani. Wasiwasi uanze ukiona mambo mengine kwenye kijiti cha kupimia. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa ina maji, na huenda gasketi ya kichwa imekwisha. Oili inayopanda badala ya kushuka, tena inanuka mazutu (mafuta ya dizeli), ina mazutu kweli, na itakula metali haraka. Muone fundi leo leo. Pima asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali pa usawa.

5. Vidanji kamili ni pamoja na filta.
Mwaga oili ikiwa ya moto ili itoke na uchafu wake. Filta ya oili haioshwi kwa mazutu na kurudishwa, hata kama fundi anaapa. Paka oili kwenye raba ya filta mpya, kaza kwa mkono. Kuosha injini kwa mazutu kabla ya kutia oili mpya ni mazoea ya garaji nyingi, na ni mazoea mabaya: mazutu yanabaki pembeni na kuifanya nyepesi oili uliyoilipia. 1HZ inameza lita tisa na zaidi, kutegemea modeli, kwa hiyo nunua bidoni mbili za lita tano, kitakachobaki kiwe akiba ya njiani.

6. Jihadhari na bidoni lililojazwa upya.
Oili za bandia zipo Afrika Mashariki nzima. Angalia kizibo: pete yake iwe haijakatika, na karatasi ya ndani iwe imebanwa sawasawa. Kama una shaka, dondosha tone moja kwenye bati la moto. Oili yenye maji itapasuka-pasuka. Iliyo kavu itatoa moshi tu. Kisha fanya hili, ambalo wachache hulifanya: bidoni lako likiisha, litoboe. Bidoni zima lenye jina zuri ndilo linalotafutwa na wachakachuaji.

7. Vumbi huua kuliko oili mbaya.
Vumbi la kiangazi linaingia kwenye injini kupitia filta ya hewa, au kupitia mpira uliopasuka kati ya filta na injini. Vumbi hilo ni mchanga laini. Likichanganyika na oili linasaga slivu na ringi, na hakuna CI-4 ya kulizuia. Kung'uta filta, ipulize kutoka ndani kwenda nje kwa upepo mdogo, na papasa ule mpira wote kwa vidole.

8. Mazutu nayo ni kilainishi.
Pampu ya nozeli ya 1HZ hailainishwi na oili ya injini, inalainishwa na mazutu yenyewe. Ukinunua kwa kadhafi, muuzaji wa kando ya njia, na kidumu chake kina maji au mafuta ya taa, pampu ndiyo italia. Chuja, na fungua kikoki cha chini ya filta ya mazutu kila wiki utoe maji.

9. Moshi.
Bluu: inaunguza oili. Mweusi: mazutu mengi au hewa kidogo, na ukipanda Butembo na mzigo usishangae ukiona kidogo, maana hewa ya juu ni pungufu na injini ya 1HZ haina turbo. Mweupe usiokwisha injini ikishapata moto: nozeli, au maji.

10. Oili chafu isikaribie kakao.
Wengi huipaka kwenye nguzo kuzuia mchwa. Sawa, ila vaa glavu, kwa kuwa si nzuri kwa ngozi, na usiimwage karibu na kijito. Kwa wanaobeba kakao kutoka Mavivi na Oicha: punje za kakao hunyonya harufu upesi, na gunia lililolala juu ya bodi yenye oili linaweza kukataliwa na mnunuzi. Osha bodi kabla ya kupakia, na bidoni la akiba lipande mbele, chini ya kiti cha shofere.